Mgeni Njoo, Lakini Je, Mwenyeji Amepona?

Neno "mtalii" katika nchi yetu lina rangi ya ngozi, na lina fedha ya kigeni mfukoni. Mtanzania anayekwenda Mbeya huitwa abiria, mfanyabiashara au mfiwa; haitwi mtalii. Wala si kwamba hatusafiri. Stendi zetu hufurika kila Desemba. Ila tunasafiri kwa kuitwa: tunaitwa na msiba, na harusi, na kesi ya shamba, na mgonjwa aliyelazwa. Kwenda kuutazama mlima, ukautazama, kisha ukarudi nyumbani, huhesabiwa kuwa ni anasa ya mtu asiye na shughuli, na aghalabu ya mtu asiye wa hapa.

Mimi na mke wangu tumeoana miaka 16, na safari zetu zote za pamoja zilikuwa za kuitwa. Desemba iliyopita, watoto wakiwa kwa bibi yao Lushoto nami nikiwa likizo, tulichukua gari letu dogo na akiba tuliyoanza kuitenga tangu Machi, tukaenda kuona hifadhi mbili za milimani: Udzungwa na Kitulo. Mwenzangu alitoa sharti moja tu. "Baba Neema," alisema, "safari hii tusimpelekee mtu yeyote mchele."

Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam, baada ya Morogoro, hukata Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Hapo abiria wa mabasi ya Iringa, Songea na Mbeya huwaona twiga na pundamilia kupitia dirishani, na kibao cha kando ya njia huwakumbusha madereva faini ya kila mnyama atakayegongwa. Nadhani kwa wengi wetu huo ndio utalii pekee tulioujua: kuiona hifadhi kwa mwendo wa basi, na kusoma bei ya kosa kabla ya kusoma jina la mnyama.

Mjini Mikumi tuliiacha barabara kuu, tukashika njia ya Kidatu hadi Mang'ula, mlangoni mwa Udzungwa. Hifadhi hii iliyoanzishwa mwaka 1992 haipitwi kwa gari. Ni ya miguu. Unapanda ndani ya msitu mnene hadi kwenye maporomoko ya Sanje, ambako maji huanguka kwa hatua tatu, jumla ya mita zipatazo 170. Mwongozaji wetu, kijana wa kijiji cha jirani, alitusimamisha mara kadhaa tusikilize kabla ya kutazama. Mlio mmoja ulikuwa wa ngolaga, tumbili ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 wakampa jina la Sanje. Wenyeji walikuwa na jina lake siku zote. Miaka zaidi ya 20 baadaye hadithi ilijirudia kwa kipunji, ambaye watafiti walianza kusikia habari zake kwa wawindaji wa Kinyakyusa, wakamwona mwaka 2003 na kumtangaza kwa ulimwengu mwaka 2005. Vitabu husema "aligunduliwa". Mimi ni mtu wa chuo kikuu, naheshimu kazi ya watafiti hao, kwa kuwa kumpima mnyama, kumlinganisha na wengine na kumwombea ulinzi wa sheria si kazi ndogo. Lakini lugha ina siasa yake. Anayesemwa kuwa amegundua ndiye huulizwa maoni yake. Aliyekuwa akijua tangu awali huajiriwa kubeba mizigo. Hata majina ya mahali husimulia hayo: maporomoko mojawapo karibu na makao makuu ya hifadhi yana jina la mwanamfalme wa Uholanzi.

Mwenzangu alivutiwa zaidi na jambo lingine. Tangu hifadhi ianze, wanawake wa vijiji vya pembeni waliruhusiwa kuingia siku moja kwa wiki kuokota kuni zilizokauka. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikoma. Mke wangu ni mwalimu wa sekondari, lakini kabla ya hapo alikuwa mtoto wa Lushoto, aliyekulia ukingoni mwa msitu wa serikali na kubeba kuni kichwani kabla ya kwenda shule. Alimuuliza kijana yule: tangu hapo mama yako anapikia nini? Alijibu kwamba wapo waliopanda miti, wapo wanaonunua mkaa, na wapo wanaotembea mbali zaidi. Alilisema hilo la mwisho kwa sauti ya chini.

Mjadala wetu ulianzia hapo, ukaendelea garini siku iliyofuata. Mimi nilishika upande wa msitu. Nilieleza kwamba mti mkavu nao ni makazi ya viumbe. Kwamba panga huingia kwa jina la kuni kavu likatoka na mti mbichi. Kwamba misitu ya Udzungwa ni mabaki ya misitu ya kale sana, yenye viumbe wasiopatikana kwingine duniani. Kwamba vijito vyake hunywesha mpunga na miwa ya bonde la Kilombero, na milima hii kwa jumla huchangia maji ya mitambo ya umeme ya Kidatu na Kihansi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Maji yanakwenda kwenye mitambo na kwenye miwa, na umeme unakuja kwetu Dar es Salaam. Kuni zilikuwa zinakwenda jikoni kwa yule mama. Umenieleza vizuri msitu unawapa nini wengine wote. Hujanieleza yeye amebaki na nini."

Kwa muda mrefu tulisikia muungurumo wa injini tu. Tulipita Ruaha Mbuyuni, tukanunua vitunguu, tukapanda mlima Kitonga nyuma ya malori ya Zambia yaliyokuwa yakitambaa. Msimamo wangu juu ya shoka haukubadilika hata kidogo, na sijaubadilisha leo. Msitu ukifunguliwa hautadumu vizazi viwili, na yule mama atakosa kuni na maji kwa pamoja. Lakini swali lake halihusu shoka. Linahusu deni. Jamii ikimwambia mtu aache kuchukua kwa faida ya wote, hao wote wamekopa kwake. Kumpa mhanga jina la mvamizi si njia ya kulipa.

Usiku huo tulilala katika nyumba ya wageni njiani. Mhudumu alitusikia tukizungumzia hifadhi, akatuuliza kwa adabu kabisa: "Na wageni wenu wako wapi?" Hakukusudia ubaya. Uzoefu wake ulimfundisha kwamba Mwafrika mwenye habari za hifadhi ni dereva au mwongozaji. Mke wangu alinyoosha kidole kwangu akasema, "Mgeni wangu ndiye huyu." Tulicheka sote watatu.

Kutoka Chimala hadi Matamba njia hupanda ukuta wa mlima kwa kona 57. Gari letu tuliliacha chini, tukakodi lenye nguvu, maana hapo uzuri wa maua na utelezi wa njia huja na mvua ile ile. Juu, kwenye mita zipatazo 2,600, miti inakoma na mbuga ya majani inafunguka. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Kitulo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Ina aina zipatazo 350 za mimea, zikiwamo aina 45 za okidi za ardhini. Baridi ilitulazimisha kujifunika khanga na koti kwa pamoja. Mke wangu alipiga magoti mbele ya ua moja jeupe akakaa kimya, nami nikaona uso ambao sikuwa nimeuona tangu tulipokuwa wachumba.

Hata hapo, swali la Mang'ula lilikuwa limetutangulia. Okidi hizo zina viazi chini ya ardhi, ambavyo Zambia hupikwa chakula kinachopendwa, chikanda. Wanakijiji walivichimba na kuviuza kwa wingi, na biashara hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu za kuiwekea mbuga ulinzi. Ulinzi ulihitajika, ua likichimbwa kiazi halirudi. Lakini aliyekuwa akichimba alikuwa akitafuta ada ya shule, na ada haikufutwa siku hifadhi ilipotangazwa.

Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko la Arusha kuhusu wanyamapori, akiahidi kwamba urithi huo utatunzwa kwa ajili ya wajukuu. Wajukuu tayari tuko hapa, watu wazima wenye vitambulisho vya taifa. Kiingilio chetu hutozwa kwa shilingi na ni nafuu sana kuliko cha mgeni, jambo la kupongezwa. Ila mlima haufikiwi kwa kiingilio peke yake. Unafikiwa kwa barabara, kwa kitanda anachokimudu mwalimu, na kwa shule inayohesabu safari ya Kitulo kuwa somo la biolojia na uraia, si zawadi ya wenye uwezo. Na kwa jirani wa hifadhi, urithi una maana pale tu jiko lake linapowaka bila kumfanya mhalifu: gesi anayoimudu, majiko banifu, miti ya kijiji, na sehemu ya mapato anayoweza kuihoji kwenye mkutano wa hadhara.

Nawaomba wasomaji wangu wenye kipato, hata kidogo, waanze kutenga. Nendeni na wenza wenu, mkabishane humo njiani. Raia aliyeupanda mlima kwa miguu yake ataulinda bungeni na kwenye sanduku la kura, na atauliza habari za mama wa kuni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja, na fedha yake tumeipokea kwa mikono miwili. Sasa zamu ni ya mwenyeji kuponeshwa.