Mwezi Mpevu wa Katonga

Mtu wa pwani afungaye safari kwenda Kigoma kuonja vyakula vya huko huwa amekwisha kulijua jina la dagaa wa Kigoma, kwani huuzwa wakavu hadi masoko ya Dar es Salaam. Lakini dagaa wabichi hawasafiri. Hawana budi kufuatwa mwaloni Katonga, kando ya Ziwa Tanganyika.

Huko mgeni hujifunza jambo ambalo washairi hawakumwambia. Pwani, mwezi mpevu ni sifa ya mpenzi. Katonga, ni siku za kukaa bure. Wavuvi huvua usiku kwa taa, nao dagaa huifuata nuru gizani. Mwezi ukilimulika ziwa zima, taa hupoteza nguvu, na vyombo hulala ufukoni.

Giza likirejea, alfajiri huleta dagaa na migebuka. Migebuka hupikwa kwa mawese, mafuta mekundu ya michikichi ya mkoa huo, ikaliwa kwa ugali wa muhogo.

Kuna na subira ndefu zaidi. Mwaka 2024, kwa makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia, Tanzania ilisitisha uvuvi ziwani tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Kwa samaki, miezi hiyo 3 ni uzazi. Kwa nyumba ya mvuvi, ni deni dukani.

Mgeni aliyefika mwezi ukiwa mpevu huambiwa angoje. Mwenye adabu hungoja, kwani wenyeji wake nao wanangoja.