Jino Lioze, Sikio Liume?

Kabla ya kuhamia fasihi ya Kiswahili, nilisomea udaktari wa meno. Katika fiziolojia nilikariri neva ya tano ya kichwa, inayopeleka ubongoni hisia za meno, taya na sehemu ya sikio.

Likizoni, nyanya yangu alilalamikia sikio. Nikaona gego limeoza. "Jino lioze, sikio liume?" akauliza. Jibu nilikuwa nalo kwa Kiingereza tu. Nikababaika, hatimaye nikasema, "Mshipa wa fahamu ni mmoja, Nyanya, jino likilia, ubongo hudhani ni sikio." Akacheka, akakubali kwenda kung'olewa.

Mtihani nilikuwa nimeufaulu, lakini somo nililielewa siku hiyo. Wapenzi wasomaji, elimu isiyosemeka nyumbani ni ya nani?