Mshipa unapovimba tumboni mwa mzee

Mzee akisema tumbo linampiga kama moyo, jamaa hucheka. Huyu anasema ni minyoo, yule anasema ni hewa. Lakini kwa baba aliyepita miaka 65, hasa aliyevuta tumbaku siku nyingi, mapigo hayo yafaa yaangaliwe. Huenda ni aota, mshipa mkubwa unaoshusha damu kutoka moyoni.

Tumboni, aota nzima ina upana wa sentimita 2 hivi. Ikifika 3, waganga huita aneurisma. Mara nyingi haiumi. Ikipasuka, wengi hufa kabla ya kufika hospitali. Albert Einstein alikufa hivyo mwezi wa nne 1955, baada ya kukataa kupasuliwa tena.

Zamani ilikuwa lazima kufungua tumbo na kushona bomba la kitambaa ndani ya mshipa. Mzee mwenye moyo dhaifu angeweza kubaki mezani. Mwaka 1990, huko Buenos Aires, muganga Juan Parodi alilipitisha bomba hilo kwenye mshipa wa paja. Linapanda likiwa limekunjwa, linafunguka ndani ya uvimbe, damu inapita humo na ukuta uliochoka unapumzika. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza, kati ya wagonjwa 100 waliotibiwa hivyo, kama 2 walikufa ndani ya mwezi; kwa waliopasuliwa walikuwa karibu 5.

Habari njema, ila haiishii hapo. Miaka ilivyopita, faida hiyo ilipotea. Bomba linaweza kuvuja au kuteleza, kwa hiyo mgonjwa hupigwa picha maisha yake yote. Na kwa wazee dhaifu kabisa, utafiti mwingine haukuonyesha kwamba waliishi zaidi.

Sharti hilo la picha ni zito kwa familia inayokimbia vita kila mara. Ndiyo maana karatasi ya ekografi yenye kipimo ni mali: ifungwe kwenye plastiki pamoja na kadi ya mpiga kura. Uvimbe ulio chini ya sentimita 5.5 kwa baba, au 5 kwa mama, kwa kawaida husubiri na kupimwa tena. Mzee aache sigara, presha ishushwe. Maumivu makali ya ghafula tumboni au mgongoni, na kizunguzungu, hayasubiri asubuhi. Tumbo lisikandwe, atafutwe mwenye pikipiki au gari, mzee apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.