Tembo la Mnazi

Bagamoyo ya karne ya 19 ilipokea misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi, watu wa pombe ya mtama. Hata leo, mtu wa bara aonjaye tembo la mnazi katika pwani hiyo hushangaa. Pombe aijuayo hupikwa, kisha ikangojwa siku kadhaa; tembo halioni moto. Mgema hukwea na kotama na kibuyu, akalikata karara kabla halijachanua, utomvu ukadondoka tone baada ya tone. Likiwa bichi ni tamu. Jua likipanda huumuka povu. Jioni limekwisha kuwa kali. Likiachwa siku nyingi, huwa siki ya kachumbari. Kila saa na ladha yake.

Lakini karara lililogemwa halizai nazi. Wahenga wamesema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Basi na usifiwe mnazi, maana ndio uliotoa. Aonjaye na aupime uzito wa kibuyu: ndani yake mna dafu lisilozaliwa, tui lisilokamuliwa, na wali ambao watoto wa mwenye shamba hawataula.