Chai ya Mama Mkubwa

Wazazi wangu na dada zangu, juma hili nawaeleza kosa langu mwenyewe.

Mama yangu mkubwa hakujaaliwa mtoto. Alipofiwa na mumewe, na macho yake yakafifia, aliomba mwenyewe apelekwe katika makao ya wazee, hapa Mombasa. Maneno ya watu tuliyasikia. Leo si maudhui yangu. Siku moja nikapigiwa simu kwamba bibi amekataa kula na kunywa. Nikaenda, nami nimejiandaa kwa mawaidha.

Nilimkuta na kikombe cha chai ya maziwa, imepoa hata ikafanya utando. Nikamkumbusha shukrani na subira, nikamwambia riziki hii ni halali na kuna wanaolala njaa. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema: "Mwanangu, halali niliijua kabla hujazaliwa. Maziwa kwenye chai hayanishuki tangu utotoni. Nimewaambia, nao hunijibu kwamba chai ni moja kwa wote."

Nikanyamaza. Hadithi ya dhabb, yule mjusi wa jangwani, nimeisomesha chuoni miaka mingi. Mtume (S.A.W.) aliandaliwa nyama yake nyumbani kwa Bi Maymuna, akauondoa mkono wake. Khalid bin Walid akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kuwa si haramu, ila mnyama huyo hapatikani katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Khalid akala, na Mtume akimtazama. Kutopenda kulitosha kuwa sababu. Wala hapana aliyesimama kumhutubia Mtume habari za wenye njaa.

Nikaenda jikoni. Mpishi, binti mwenye adabu, huchemsha chai na maziwa katika sufuria moja kubwa, na wazee wote wanamngoja yeye. Tukakubaliana achote kikombe kimoja kabla ya kutia maziwa, akitie tangawizi. Sukari daktari ameikataza, na hilo hatukuligusa. Lakini hakuna daktari aliyeamuru maziwa. Lawama kubwa ni yetu sisi jamaa: siku ya kumpeleka tuliandikisha dawa zake zote, wala hapana aliyetaja anachokunywa.

Ijumaa iliyofuata nilimkuta na kikombe chake cha chai ya rangi. Akanywa, akabakisha robo. Nilifunua kinywa kumwambia amalize, kisha nikakifumba.