Kutoka Maji ya Pilipili Hadi Mizani

Masisi ya miaka ya 1980, mashariki mwa Kongo, ilisifika kwa ng'ombe na jibini. Kuku alijitafutia mwenyewe nyuma ya nyumba, mchwa na punje za mahindi, akingoja mgeni.

Mama mmoja mfugaji aliyekulia huko anakumbuka dawa pekee waliyoijua. Kuku walipoanza kusinzia, nyanya yake, ambaye wajukuu walimwita Koko, alitwanga pilipili ndogo nyekundu, akaikoroga kwenye maji na kuwawekea wanywe. Walikunywa bila kushtuka. Ndege haumwi na ukali huo: mwaka 2002 maabara ya David Julius, Marekani, ilionyesha kwamba kipokezi cha neva kinachotuwasha sisi hakiitikii kapsaisini, kemikali ya ukali wa pilipili, kwa kuku.

Maisha hayo yalikatika Machi 1993, mauaji yalipoanzia soko la Ntoto, katika eneo jirani la Walikale, yakasambaa hadi Masisi. Watu walikimbia, ng'ombe waliporwa. Mama huyo naye alihamia mji wa Goma, na huko akaanza kufuga kuku wa nyama, anayefika kilo 2 kwa wiki 6 hivi. Kuku huyu hali mchwa. Anataka mahindi, soya, unga wa samaki, madini na vitamini, kila siku bila kukosa.

Duniani, kasi hiyo ilisaidiwa kwa muda mrefu na antibiotiki. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Thomas Jukes na Robert Stokstad waligundua kwamba vifaranga waliolishwa mabaki ya utengenezaji wa antibiotiki ya aureomycin walikua haraka kuliko wenzao. Kwa hofu ya vijidudu sugu, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi hayo ya kukuzia mifugo kuanzia Januari 1, 2006. Watafiti wakageukia viungo: kitunguu saumu, tangawizi, manjano, pilipili. Mafuta ya viungo hivyo hupunguza baadhi ya bakteria wa utumbo na huchochea usagaji wa chakula.

Siku hizi mama hukata tangawizi vipande vyembamba, huianika, huitwanga na kuichekecha, kisha hutia gramu 5 kwa kila kilo ya chakula. Kundi moja la kuku hula chakula hicho, jingine halipewi tangawizi, na kila wiki huwapima wote kwa mizani. Ndivyo inavyopaswa, kwa sababu majaribio hutofautiana: mengine huonyesha uzito umeongezeka, mengine hayaonyeshi kitu, na hakuna kiungo kinachoziba pengo la soya.

Baridi ya milima ya Masisi na joto la msitu wa Walikale humfanya kuku ale tofauti, kwa hiyo mizani ile inahitajika kote kuwili. Lakini kupima huko kunataka amani, na Walikale mjini vita vilifika tena Machi 2025.