Kamera Ukweni: Siku Sita za Kahawa Marangu

Ukiolewa Uchagani, safari ya ukweni ina mwezi wake, na mwezi wenyewe ni Desemba. Hilo halina mjadala. Mabasi yanajaa, nauli zinapaa, na kila mwenye gari anahakikisha limeoshwa kabla ya kuingia kijijini. Ndiyo maana watu wa rika letu wanaoijua Kilimanjaro ya Oktoba ni wachache mno. Oktoba hakuna sherehe wala mbuzi anayechinjwa kwa ajili yako. Watu wako shambani, wanachuma kahawa.

Mimi na shemeji yenu tulichukua likizo mwezi huo kwa sababu moja tu. Baba mkwe alipiga simu na, kama kawaida yake, hakuzunguka. "Kama mnataka picha za ile kahawa ya babu yenu, njooni sasa. Mwakani naing'oa napanda parachichi." Akakata.

Basi tukapanda gari la alfajiri pale stendi ya Magufuli, Mbezi, na alasiri tukashuka Himo. Himo ndipo joto linapoishia. Unapinda kuelekea mlimani, hiace inaanza kupanda, na kabla hujamaliza kulalamika kwamba umebanwa, abiria wenzako wanafunga madirisha kwa baridi. Mimi mtoto wa Tanga, kwetu ni minazi na machungwa. Kahawa nilikuwa naijua ikiwa kwenye kikombe tayari, na sweta langu lilikuwa limebaki Dar.

Kwa wasiojua, shamba la Kimarangu si shamba lile la kwenda na jembe begani kisha ukarudi nyumbani. Linaitwa kihamba, na nyumba iko ndani yake. Juu kabisa kuna miti mikubwa ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kuna mibuni, na chini ya mibuni magimbi na mboga. Ng'ombe yuko zizini, anakula majani ya migomba na kurudisha samadi. Maji yanatoka mlimani kwa mifereji iliyochimbwa na mababu. Waliotangulia wamezikwa humo humo, hatua chache kutoka jikoni. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliitambua Shimbwe Juu, hapo hapo Kilimanjaro, kuwa urithi wa dunia wa kilimo kwa sababu ya vihamba vyake. Ukisimama ndani ya kimoja utaelewa bila kuelezwa.

Sasa, picha. Mchana wa jua kali, kihamba ni balaa kwa mpiga picha. Mwanga unapita kwenye majani ya migomba ukiwa umetoboka-toboka, na uso wa mtu unatoka na madoa kama chui. Siku ya kwanza nilifuta karibu kila kitu. Siku ya pili nikaamka saa kumi na mbili kasoro, na hapo nikaelewa ratiba ya mlima. Alfajiri Kibo iko wazi, nyeupe juu, na Mawenzi pembeni yake kama meno yaliyovunjika. Ikifika saa nne, mawingu yameshafunga. Watalii wananuna, lakini mpiga picha wa shambani anatakiwa kushangilia, kwa sababu mwanga wa mawingu ndio unaoonyesha wekundu wa kahawa bila kung'ang'aa. Nilibeba lenzi mbili, nikaishia kutumia ile fupi tu. Mibuni imesongamana, hakuna nafasi ya kurudi nyuma.

Kahawa haiivi kwa pamoja. Tawi moja lina punje za kijani, za njano na nyekundu, kwa hiyo unachuma nyekundu tu, unaziacha nyingine, na baada ya wiki kama mbili unarudi kwenye mti uleule. Ndiyo maana msimu unaanza katikati ya mwaka na kuburuta mpaka karibu na Krismasi. Mama mkwe anachuma kwa mikono miwili, kikapu kiunoni, huku anaongea na jirani aliye upande wa pili wa masale. Nilimfuata na kamera kwa muda wa saa nzima. Mwisho akageuka: "Mwanangu, hicho kidude hakichumi?"

Nikakitundika mtini, nikachuma. Baada ya saa mbili nilikuwa na robo ya alichokuwa nacho yeye, na kiuno changu hakikuwa changu tena.

Kazi inayofuata ndiyo iliyonikamata zaidi. Kahawa iliyochumwa leo inatakiwa kumenywa leo. Iko mashine ya mkono, ya chuma, inazungushwa kama mtu anayevuta maji kisimani. Matunda yanaingia juu na maji, maganda mekundu yanatokea upande huu, punje zenye utelezi upande ule. Shemeji yenu, ambaye Dar hata taa ikiungua anaita fundi, alivua shati akazungusha mpaka saa mbili usiku. Picha niliyoipenda kuliko zote niliipiga hapo, kwa mwanga wa balbu moja: mvuke unatoka mgongoni mwake, na maganda yamerundikana miguuni kama zulia. (Amenikataza kuichapisha. Mnisamehe.)

Punje hizo zinalazwa kwenye ndoo siku moja mpaka tatu, kutegemea baridi, ili utelezi uchachuke. Kisha zinaoshwa na maji safi mara kadhaa, zinazoelea zinatolewa. Halafu zinaanikwa kwenye vichanja vya waya kwa kama wiki mbili. Na si kuanika ukaenda kulala. Jua la mchana likizidi, unafunika ili ganda lisipasuke. Manyunyu yakianza, unakimbia. Tulikuwa tunakula kiburu siku moja, sahani mikononi, tukasikia matone juu ya bati. Sijawahi kuona mama wa umri ule akiruka vile. Ili kujua kama imekauka, anaing'ata punje moja na kusikiliza.

Ukipiga hesabu, unahitaji zaidi ya kilo tano za matunda mabichi kupata kilo moja ya kahawa kavu yenye ganda. Hiyo ndiyo inayopelekwa chama cha msingi, inakobolewa Moshi na kuingia mnadani.

Baba mkwe alinieleza yote haya akiwa ameketi kwenye kiti chake cha uvivu. Anaipenda historia. Kahawa ililetwa na wamisionari wa Kikatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1925 wakulima Wachagga walianzisha chama chao, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Yeye na ndugu zake walisoma kwa kahawa, na anaweza kukuonyesha mti gani ulilipa ada ya nani. Lakini pia anakumbuka mwaka 2001, bei ilipoanguka duniani mpaka haikurudisha hata gharama ya mrututu wa kupulizia. Jirani zake wengi waling'oa wakati ule. Yeye aliona aibu kung'oa alichopanda baba yake. Sasa ana miaka sabini na kitu, mibuni imezeeka pamoja naye, chulebuni na kutu ya majani zinaishambulia kila mwaka, na vijana wa kuchuma hawapo. Tupo Dar, tunaandika magazeti.

"Lakini bei si imepanda, baba?" nikamuuliza. Na kweli, mwanzoni mwa 2025 bei ya arabika kwenye soko la dunia ilivunja rekodi.

"Imepanda. Na mimi nimepanda umri."

Usiku tukabishana chumbani, kwa kunong'ona, maana kuta za ukweni zina masikio. Shemeji yenu ni kitindamimba, na kwa mila za kwao mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba chake. Kwa hiyo parachichi hizo zitakuwa zetu. Yeye alikuwa upande wa baba: kahawa ni kumbukumbu, parachichi ni biashara. Mimi nikamuuliza kama kuna mtu amemuuliza mama.

"Mama atasema kahawa ni ya baba."

Na ndivyo alivyosema. Nilimuuliza kesho yake tukiwa kwenye mfereji tunaosha. Kwa Wachagga wa zamani kahawa ilikuwa mali ya mwanaume na ndizi ya mwanamke, na mama ni wa zamani. Yeye anachuma, anamenya, anaosha na kuanika, lakini kitabu cha ushirika kina jina la baba. "Kahawa ni ya baba yenu," akasema. "Mimi ndizi ndiyo yangu." Akasuuza ndoo. Kisha, kama mtu anayeongelea hali ya hewa: "Ila parachichi haitaki kivuli."

Ilinichukua muda kidogo. Parachichi za biashara zinataka jua la kutosha. Huwezi kung'oa mibuni tu ukaacha migomba juu. Ukitaka zile safu nzuri unazoziona kwenye picha za mashamba ya Njombe, migomba nayo lazima iondoke. Na migomba ndiyo anayouza soko la Mtoni, fedha isiyopita mkononi mwa mtu mwingine, iliyonunua mabati ya jikoni na, nimekuja kujua, iliyochangia suti ya harusi ya shemeji yenu.

Hilo sikulipeleka kwa baba mkwe. Mke wa mtoto wa mwisho, tena mtu wa Tanga, haamki asubuhi akamfundisha mzee wa Kichagga kupanga kihamba. Nilimwambia mume wangu, akanyamaza kwa muda mrefu, na siku ya tano jioni akafungua kompyuta sebuleni tuonyeshe picha.

Zilikuwa zaidi ya 400. Baba akavaa miwani. Mama anachuma. Mama anamwaga kikapu. Mama na mashine. Mama chini ya mgomba, mkungu begani. Mama anang'ata punje. Baada ya dakika kumi mzee akauliza, "Mbona hii ni sinema ya mama yenu tu?"

"Ndiye aliyekuwa kazini, baba," mume wangu akajibu. Tukacheka wote, naye akacheka, lakini akaomba ile ya mkungu irudishwe. Akaitazama. Kisha baba na mwana wakatoka nje na tochi kuangalia safu za chini. Walichosemezana huko sijui, na sikuuliza.

Hadi tunaondoka, uamuzi ulikuwa huu. Parachichi kumi na tano zitapandwa kipande cha chini kando ya barabara, ambako hakuna migomba na mibuni iliyopo imekwisha kabisa. Safu za juu zinabaki. Baada ya mavuno mume wangu atakwenda na baba kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu kuona miche mipya inayostahimili chulebuni na kutu. Nani ataichuma miaka kumi ijayo, hilo bado tunalinong'ona chumbani, safari hii Dar, ambako kuta hazina masikio.

Kama huna ukwe Uchagani, usikate tamaa. Materuni, juu ya mji wa Moshi, wenyeji wanapokea wageni kwa siku moja: unachuma, unakaanga, unatwanga na kunywa, na yapo maporomoko ya maji ya kutembelea. Nendeni kati ya Agosti na Novemba, mbebe sweta, na mwombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha akiwa kazini.

Nilimsafishia mama picha kumi, nikampelekea kwa basi. Zote za shamba, zote nzuri, najisifu. Aliyoitundika ukutani ni ya kumi na moja, aliyoniomba nimpige asubuhi ya kuondoka: amesimama wima mbele ya mlango, kanga mpya, viatu vya kanisani, mikono imenyooka ubavuni, hacheki.